Hazadi za Kumsindikiza Tata Nyambura

Leo nimeaibika. Tena si mbele ya watu tu, ni mbele ya jeneza, na jeneza lenyewe ni la upande wa wakwe.

Niko saiba, duka la intaneti, hapa mjini Nakuru, bado nimevaa suti, viatu vina tope la Elburgon hadi kwenye kamba. Nyumbani siendi kwanza. Acha niwaandikie nyinyi wa jukwaa la magari, kwa sababu baadhi yenu mlinisaidia kutengeneza hicho kitu, na lawama ni ya kugawana.

Wageni niwaeleze. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Nina Pijo 504 steshen wagon niliyorithi kwa baba, na nina ugonjwa wa tangu utotoni wa kupenda mlio wa magari ya rali. Mwanzoni mwa mwaka huu, wakati wa kafiu iliyokuja na vurugu za uchaguzi, jioni ikifika kila mtu yuko ndani, redio haina habari njema hata moja, na mikono yangu haina la kufanya. Nikaamua kutengeneza katauti. Unatoboa bomba la ekzosi kabla moshi haujafika kwenye sailensa, unachomelea kibomba kifupi, unakiwekea kilango cha chuma. Kilango kikiwa kimefungwa, gari linapumua kistaarabu. Kikifunguka, moshi unatoka moja kwa moja na gari linanguruma kama limetukanwa.

Kazi ya chuma nilifanyiwa na mafundi wa jua kali. Ya umeme nilifanya mwenyewe, maana hapo ndipo huwa najiona mtu. Mota ya kufungia mlango kutoka kwa gari bovu, rilei moja, transista mbili, na springi. Umeme ukifika, mota inavuta kilango. Umeme ukikatika, springi inakirudisha. Nililehemu siku nne nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu mwaka uanze.

Swali likawa ni swichi. Swichi mpya kwenye dashibodi mke wangu angeiona siku hiyo hiyo, na trafiki angeiona kesho yake. Nikafikiri sana. Nikaja na wazo ambalo wakati ule niliona ni la kupewa kombe: niunganishe na swichi ya hazadi, zile taa za tahadhari. Kwani nani huwasha hazadi? Mimi sikuwa nimezigusa tangu nirithi gari. Sasa, hazadi huwaka na kuzima, kwa hivyo niliongeza kapasita kubwa ya kushikilia umeme kati ya mwako mmoja na mwingine, ili kilango kisichezecheze. (Mmoja wenu aliniambia kapasita ya mtumba itaniletea mambo. Nilimjibu kwa dharau. Kaka, popote ulipo, nisamehe.)

Mtu mzima mimi, Mkenya, nimesindikiza maiti mara ngapi? Na msafara wa mazishi huwasha nini? Hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Likabaki suala la kisanduku. Vifaa vya chini ya gari vinataka mahali pasipoingia maji. Nikazunguka nyumba nzima, bafuni nikapata kikasha cha sabuni cha plastiki, rangi ya samawati, chenye kifuniko kinachobana. Kipimo kilikuwa sawa kabisa. Nikakichukua nikijiambia nitanunua kingine Jumatatu. Jumatatu zimepita nyingi tangu siku hiyo.

Kikasha kilikuwa cha mama mkwe.

Hapa inabidi nieleze tena. Mama mkwe wangu alikuja kwetu mwezi wa kwanza, na mfuko mmoja na blanketi, kutoka shambani kwake kule juu ya Elburgon. Mnajua mwaka huu ulivyokuwa, sitaingia huko. Na mnajua pia kwamba mama mkwe na mkwewe hawalali chini ya paa moja. Heshima yao hutaka nafasi. Sisi tuna vyumba viwili na kijia. Miezi sita tumekuwa tukipishana kwenye kijia hicho, yeye akitazama ukuta wake, mimi nikitazama wangu. Hajalalamika juu ya kitu chochote, chakula, kelele wala baridi. Siku moja tu aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna aliyeona kikasha chake cha sabuni. Kilikuwa mojawapo ya vitu vichache alivyotoka navyo kwake.

Akashukiwa binti yangu Wambui, wa darasa la pili. Akakana. Mama yake akamkataza kucheza nje siku mbili kwa sababu ya kusema uwongo. Mimi nilikuwa stoo, nasikia yote. Ningesema, lakini nilikuwa nimeshalehemu. (Najua. Msiniambie, najua.)

Siku ya kujaribu mtambo nilikuwa hapo nje ya nyumba. Niliwasha injini, nikabonyeza hazadi, Pijo ikanguruma. Kwa sekunde tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nakuru. Kisha nikaona majirani watatu wametoka na panga. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Mke wangu alikuja mlangoni, hakupaza sauti. Alisema, “Mama ametetemeka mpaka chai ikamwagika. Hiyo kitu utoe.”

Nikaapa nitatoa. Jioni nikamwambia nimetoa. Nilichotoa ni fyuzi. Niliitia kwenye kisahani cha majivu cha gari, na kwa kuwa fyuzi hiyo ndiyo ya hazadi pia, gari likakaa bila hazadi na mimi nikakaa bila wasiwasi.

Sasa, wiki iliyopita akafariki Tata Nyambura (tata, yaani shangazi, ndivyo mke wangu alivyomwita), dada mkubwa wa mama mkwe. Mwanamke mwema, wa umri mkubwa, na kiziwi. Alikuwa hasikii kabisa, yapata miaka ishirini. Ukimwambia habari za mvua anakujibu za kuku. Alikuwa akiishi Elburgon na mwanawe Kariuki, na ilipangwa azikwe huko huko. Mama mkwe akasema atakwenda. Hajakanyaga upande ule tangu mwezi wa kwanza, hata kwenda kuchungulia shamba amekataa. Jana mke wangu akaniambia huku akinitazama usoni, “Mama hataki basi. Amesema atapanda gari yako. Tafadhali afike salama, na afike pole pole.”

Nilielewa. Miezi sita ya kutazama ukuta, na sasa mama mkwe ananikabidhi safari ile. Nikaosha gari mara mbili. Nilipanga pia kuingia chini na kukata zile waya, lakini maji yalikuwa baridi na mgongo ukauma, nikasema kesho asubuhi. Asubuhi nikasema fyuzi si iko kwenye majivu, kuna haraka gani.

Tukafika mochari hapa mjini. Kariuki ndiye aliyekuwa anapanga magari. Mbele gari la maiti, la pili Pijo yangu, kwa sababu nimembeba mdogo wa marehemu, halafu wengine, basi mwisho. Mchungaji aliketi mbele na mimi. Mama mkwe nyuma, mke wangu ubavuni mwake. Kariuki akapita akikagua msafara, akasimama kwangu.

“Shemeji, hazadi. Gari zote ziko on, yako tu ndio bado.”

Nikamwambia hazadi zangu zina shida kidogo.

“Fundi wa stima ndio hana hazadi?” Hakukusudia ubaya, lakini alisema kwa sauti, na wazee wa ukoo wakageuka.

Mngefanya nini? Kuingia uvunguni mwa gari na suti, mbele ya wakwe, huku jeneza linapakiwa? Nikatoa fyuzi kwenye majivu, nikaipangusa, nikaipachika. Nikafumba macho. Nikabonyeza.

Tik-tak, tik-tak. Taa zinawaka, Pijo kimya. Nikaelewa mara moja: tope la mvua za masika lilikuwa limekauka kwenye kilango na kukigandisha. Nimeishi miaka mingi nikilaani tope la barabara zetu, leo nikalishukuru kwa moyo wote. Tukaondoka. Mchungaji akaanzisha wimbo wa chini chini, na mimi nikaitikia. Nilianza hata kufikiri kwamba mimi si mkwe mbaya.

Kabla ya Njoro kuna mashimo. Gari la maiti likakwepa, mimi nikamkwepa mwenye baiskeli, gurudumu la kushoto likaingia shimoni lote. Kitu kikagonga chini yetu. Halafu Pijo ikasema VRUU. Halafu ikanyamaza. Halafu VRUU. Halafu ikanyamaza.

Ilinichukua muda kidogo kuelewa, kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Tope limebanduka. Na kapasita imekufa, haishikilii tena umeme. Kilango kinafunguka na kufungika pamoja na taa, kila mwako na ngurumo yake. Gari langu lilikuwa linakohoa kwa mpangilio nyuma ya maiti.

Mchungaji aliacha kuimba. Akauliza kama gari lina shida. Nikamwambia ni sailensa imeoza. (Ndiyo, nimemdanganya mchungaji, msafara wa mazishi, siku ya Jumamosi.) Kwenye kioo niliona macho ya mke wangu. Yeye hakuhitaji maelezo.

Tukaingia Njoro hivyo, na hapo ndipo hamu ya kucheka iliponiisha kabisa. Kando ya barabara kulikuwa na akina mama wanauza viazi na karoti. Waliposikia VRUU ya kwanza, wawili walichuchumaa nyuma ya magunia. Mwenye duka akavuta mlango nusu. Mwaka huu huku kwetu hakuna mtu anayechelewa kuinama. Kisha wakaona maua kwenye gari la mbele, wakaelewa ni mazishi, wakasimama tena wakijipangusa. Mmoja alijicheka. Mwingine hakucheka, na nilimwona vizuri kwa sababu alinitazama mpaka nikapita.

Nikazima hazadi. Kimya kikarudi. Nikaona heri Kariuki anikasirikie kuliko kuendelea hivyo. Tulitoka Njoro, ukungu ukaanza, na kutoka nyuma nikasikia sauti ambayo haijawahi kunisemesha moja kwa moja ndani ya miezi sita.

“Baba Wambui. Taa zimezima.”

Nikamwambia, “Ni gari, Mama. Nikiwasha taa linapiga kelele.”

“Nimesikia kelele. Washa.”

“Mama, watu wanaogopa.”

“Dada yangu hasindikizwi na gari limezima taa, kama mtu ameibwa. Washa.”

Nikawasha.

VRUU. Kimya. VRUU. Kimya. Kilomita zote zile za ukungu. Ukipunguza mwendo, mlio unazidi kuwa mzito. Ukiongeza, unampita marehemu. Lori za mbao zilizokuwa zinakuja mbele zetu zilikuwa zinaingia kando kabisa na kusimama, sijui kwa heshima au kwa hofu. Nilichungulia kioo kumwona mama mkwe. Mwanzoni mkono wake ulikuwa umeshika kiti changu kwa nguvu, vidole vimekauka. Kila ngurumo, vidole vinabana. Nilitaka kulia, nasema kweli. Mtu huyu aliomba kitu kimoja tu kutoka kwangu. Nilipochungulia tena karibu na Elburgon, mkono ulikuwa umetulia mapajani mwake.

Tumaini langu la mwisho lilikuwa mashine za kupasulia mbao. Elburgon ni msumeno kutwa nzima, nikajua tukifika pale hakuna atakayenisikia. Na kweli, tulipokaribia, zilikuwa zinalia vizuri sana. Halafu wale vijana wa mbao wakaona gari la maiti. Wakafanya kama watu waliolelewa vizuri. Wakazima mashine zote, wakavua kofia, wakasimama wima.

Mji mzima ukanyamaza kwa ajili ya Tata Nyambura. Nikapita katikati ya ile heshima yote. VRUU. Kimya. VRUU. Kimya.

Kwa akina Kariuki ni mlimani. Mlima unataka gia ya kwanza, na gia ya kwanza inataka mafuta. Akina mama wa kanisa walikuja kutulaki langoni wakiimba wimbo wa huzuni, wa pole pole, wakitangulia gari la maiti. Sikukusudia, lakini niliwaona wanaanza kufuata mwendo wa Pijo. Walipofika uani ule wimbo ulikuwa umechangamka vibaya sana, na mmoja wa nyuma alikuwa anapiga makofi.

Nikazima injini. Sikushuka.

Kariuki alikuja ameshavua koti. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari langu, mwana wa marehemu, siku ya kumzika mama yake. Nikamsikia akisema huko chini, “Kuna waya zinaingia kwa ka-boksi fulani ka blue.” Nilimwambia aache, nitatoa mwenyewe. Akavuta kwa nguvu. Akatoka na kikasha mkononi, waya zinaning'inia, akakiinua juu ili watu waone ni nini kilikuwa kinasumbua.

Nusu ya ukoo ilikuwa imetuzunguka. Kifuniko kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja, kwa sababu nilikifunga karibu mno na bomba la moto, lakini rangi ilikuwa ile ile ya samawati.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akakipokea. Akakifungua. Ndani kapasita imevimba kama andazi. Akatazama, akafunga, akakipangusa tope kwa leso yake. Wambui nilimwacha kwa jirani leo, na ni neema ya Mungu kwamba hakuwa pale.

“Na mtoto aliadhibiwa,” akasema.

“Siku mbili, Mama. Hakutoka nje.”

“Utamwomba msamaha.”

“Ndiyo, Mama.”

“Leo.”

“Leo, Mama.”

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nangojea mengine, kwa sababu yalinistahili. Lakini alikuwa amegeuka kutazama jeneza likiteremshwa kutoka garini. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ndogo, lakini watu wote walikuwa kimya kwa hivyo wote walisikia:

“Miaka ishirini nampigia Nyambura kelele masikioni na hasikii. Leo amesikia.”

Bibi mmoja mzee, rafiki ya marehemu, akajifunika mdomo kwa leso. Mabega yakaanza kumtikisika. Akafuata mwingine. Kariuki, mwenye tope mpaka shingoni, alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na sidhani mwenyewe alijua ni machozi ya nini. Mchungaji alifungua Biblia akaificha nayo sura. Mke wangu peke yake ndiye hakucheka. Ananifahamu sana.

Tulimzika Tata Nyambura vizuri. Ukungu uliondoka, watu walisema maneno mazuri, na wengi walinishika mkono kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nimepewa jina tayari. Sitawaambia, mtaniita nalo.

Wakati wa kuondoka nilimfungulia mama mkwe mlango wa nyuma. Hakupanda. Akasema anabaki kwa Kariuki, na wiki hii atapanda kwenda kuona shamba lake lina hali gani. Mke wangu akamsihi arudi mjini kwanza. Akamjibu kwamba amekaa na mlio ule kuanzia Njoro mpaka langoni, tukapita Njoro na watu wakainama, na yeye hakuinama. Haoni sababu ya kuogopa kitu kidogo kuliko hicho. Kikasha chake akakitia mkobani, waya zikiwa bado zimo.

Mke wangu alipanda basi la waombolezaji. Mimi nikarudi peke yangu na Pijo iliyonyamaza, na kwa mara ya kwanza sikuufurahia wala kuutaka mlio wowote.

Nimepitia dukani nikanunua kikasha kipya cha sabuni, cha samawati, ingawa mwenyewe hayupo tena bafuni kwetu. Kiko hapa kando ya kibodi. Mwenye saiba anataka kufunga, na mimi nina miadi na mtu wa darasa la pili ambaye nimemkosea tangu kafiu. Tafadhali msinicheke. Na kama lazima mcheke, chekeni kimya kimya, sauti za leo zimenitosha.